Somo la Vikundi: Mzigo Uliokabidhiwa

Somo letu la mwezi huu linahusu kazi, hasa kazi ya umma, yaani ile kazi ambayo mshahara wake hutoka katika kodi ya watu wote, na mwenye kuifanya amewekwa hapo kwa ajili ya watu wote. Wengi katika parokia yetu ni watumishi wa umma, au tulikuwa, au tunao watoto wanaotafuta kuwa. Ndiyo sababu nimeombwa niandike. Wengine mtasema mwalimu mstaafu ana habari gani mpya. Kweli, sina. Ninazo za zamani, na moja ya karibuni inayonihusu mimi mwenyewe, ambayo nimechelewa sana kuisema.

Sisi tunaokaa Tabora tunakaa juu ya njia. Kabla reli haijafika hapa mwaka 1912, kila kitu kilichotoka Bagamoyo kwenda Ujiji, na kila kitu kilichorudi, kilipita mabegani mwa watu, na wengi wa watu hao walikuwa Wanyamwezi. Njia hiyo ilipitisha pembe za ndovu na nguo za merikani. Ilipitisha pia watu waliofungwa minyororo, na hilo tusilifiche tunapowasimulia watoto. Lakini mpagazi hakuwa mtumwa. Alikuwa mtu wa kazi ya mkataba. Ujira wake ulipatanwa kabla ya safari, na mzigo wake ulijulikana, kwa kawaida frasila mbili hivi, kama kilo thelathini na mbili. Mbele alikwenda kirangozi. Posho ilikuwa haki, na ikizuiwa wapagazi walitua mizigo chini wakakaa. Wazungu wengi waliopita hapa waliandika kwa hasira juu ya migomo hiyo. Mimi nikisoma habari zake naona watu waliojua masharti ya kazi yao.

Tazameni hali ya mpagazi. Anachobeba si chake. Njia ni miezi mitatu kutoka pwani mpaka hapa, pori ni kubwa, na mwenye mali pengine yuko Unguja wala hamwoni. Akifungua mzigo akachukua doti mbili tatu za nguo, nani atajua? Mtumishi wa umma yumo katika hali hiyo hiyo, ila mwenye mali wake ni mwananchi, na mara nyingi mwananchi huyo hajui hata kama ana mali.

Nitoe mifano miwili ya njia yetu hii. Wa kwanza ni wa mtu aliyeitwa Sherif. Daktari John Kirk wa ubalozi wa Uingereza Unguja alituma vitu kwa msafara vimfikie David Livingstone huko Ujiji, na Sherif ndiye aliyekabidhiwa. Livingstone alipofika Ujiji mwezi wa Oktoba 1871, mgonjwa, amechoka, hana kitu, alikuta vyote vimeuzwa. Sherif alidai alijua Livingstone amekwisha kufa, akauza vitu na kununua pembe. Angalieni hoja yake: mwenyewe hayupo, kwa hiyo si mali ya mtu. Nimeisikia hoja hiyo katika ofisi nyingi, kwa maneno mengine.

Mfano wa pili mnaujua, lakini labda hamkuutazama kwa upande huu. Livingstone alifariki kwa Chitambo, katika nchi ambayo sasa ni Zambia, tarehe 1 Mei 1873. Bwana wao amekufa, mkataba umekwisha, nyumbani ni mbali. Chuma, Susi na wenzao wangeweza kugawana vitu wakaenda zao, na hakuna ambaye angewashitaki. Badala yake waliita watu wote, wakafungua masanduku mbele ya wote, na Jacob Wainwright, aliyejua kuandika, akaandika orodha ya kila kilichokuwamo. Mimi nilikuwa mwalimu mkuu msaidizi kwa miaka mingi, nimepokea na kukabidhi stoo mara nyingi, nami nawaambia kwamba makabidhiano kama yale ni adimu hata leo penye mihuri na kompyuta. Kisha wakaukausha mwili wakaubeba. Mwezi wa Oktoba walifika hapa kwetu Kwihara, kilomita chache tu kutoka mjini, wakamkuta Luteni Cameron, afisa wa jeshi la majini la Uingereza, akawashauri wamzike hapa hapa. Walikataa. Walifika Bagamoyo mwezi wa Februari 1874, wakalipwa ujira wao, wakaruhusiwa kwenda. Ndiyo hivyo tu. Mwili ulizikwa London mwezi wa Aprili.

Nimeyaeleza haya kwa urefu kwa sababu watu hupenda kusema kwamba maadili ya kazi ni mambo ya kuletewa na wakubwa kwa waraka.

MIIKO NA SHERIA

Nilipokuwa chuo cha ualimu mwaka 1978 na 1979, tuliijua Miiko ya Viongozi kama tunavyoijua Sala ya Bwana. Ilitoka katika Azimio la Arusha, Februari 1967. Kiongozi asiwe na mishahara miwili. Asiwe na hisa katika makampuni. Asiwe mkurugenzi katika kampuni ya kibepari. Asiwe na nyumba ya kupangisha. Na haikuwa kwa wanasiasa peke yao; watumishi wa Serikali wa ngazi za kati na za juu walikuwamo, na mke alihesabiwa pamoja na mumewe. Mwaka 1971 ukatoka Mwongozo wa TANU, ambao ibara yake ya 15 ilimkataza kiongozi kuwa na majivuno, dharau na uonevu. Wafanyakazi wa viwandani Dar es Salaam waliishika ibara hiyo kwa mikono miwili, na wakuu kadhaa wa viwanda walijikuta wakikataliwa mlangoni.

Je, Miiko ilifaulu? Kwa sehemu. Tuliishi tukijua kwamba kuna jambo la aibu, na hilo si dogo. Lakini tuliona pia nyumba zikijengwa kwa jina la shemeji na mabasi kwa jina la mjomba. Mwezi wa Februari 1991, huko Zanzibar, Chama kililegeza masharti yale. Sheria ikafuata mwaka 1995, Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma, pamoja na kutamka mali. Mwaka 1996 Tume ya Jaji Warioba ilichunguza rushwa nchini, na taarifa yake haikumfurahisha mtu.

Juu ya ajira nako tulikuwa na ugonjwa wetu. Baada ya Uhuru nafasi zilizokuwa za wageni zilipewa wananchi, ikaitwa naizesheni, na ilikuwa haki. Lakini watu wetu wana ulimi. Walipoona ofisi nzima imejaa watu wa ukoo mmoja, waliiita undugunaizesheni. Tulicheka sana neno hilo. Yule ambaye hakuwa na ndugu ofisini hakucheka.

Ndipo Serikali ikatoa Sera ya Menejimenti na Ajira katika Utumishi wa Umma mwaka 1999, Sheria ya Utumishi wa Umma mwaka 2002, na mwaka 2005 Kanuni za Maadili ya Utendaji zenye misingi minane. Sitaitaja yote, wenye kufanya kazi ofisini wameiona imebandikwa ukutani. Nitataja miwili inayotuuma. Mmoja ni kutoa huduma bila upendeleo. Mwingine ni matumizi sahihi ya taarifa. Huu wa pili tunauona mdogo. Karani wa hospitali anayerudi nyumbani na kusimulia nani kapimwa nini, mwalimu anayetangaza sokoni habari za mtoto wa fulani, hao hawakuiba hata shilingi moja, lakini wamefungua mzigo njiani. Hapa Tabora tunacho chuo tulichozoea kukiita Chuo cha Uhazili, ambacho sasa ni kampasi ya Chuo cha Utumishi wa Umma. Wasichana waliofundishwa pale zamani walijifunza kupiga chapa kwa vidole kumi, na walijifunza pia kufunga mdomo. La pili lilikuwa gumu zaidi, waliniambia.

Tusisahau upande wa mwajiri. Mwalimu anayehamishwa bila posho ya uhamisho, anayedai malimbikizo miaka minne, anayepanda daraja kwenye karatasi tu, huyo ni mpagazi aliyenyimwa posho. Kumhubiria uadilifu peke yake, bila kumlipa, ni nusu ya somo.

KIMEMO

Tangu nilipostaafu nimepata kazi mpya nisiyoiomba, ya kuandika vimemo. Mtu anakuja jioni, anasalimia vizuri, anauliza hali ya miembe yangu, kisha anasema, “Mwalimu, yule mkuu wa idara si ulimfundisha darasa la nne? Mwandikie mistari miwili tu.”

Mama mmoja jirani yangu, mjane, alinijia hivyo kwa ajili ya binti yake mwenye stashahada. Niliumia, maana huyu mama namheshimu, na nilijua kwamba wapo ambao vimemo vyao vinaandikwa na watu wazito kuliko mimi. Nilimwambia, “Mama, sitaandika, lakini nitakwenda naye.” Tukaenda mimi na binti kwenye duka la kompyuta, tukajaza maombi ya Sekretarieti ya Ajira, cheti kimoja kimoja. Aliitwa kwenye usaili mara mbili. Mara ya pili alifaulu lakini nafasi hazikumfikia, jina likabaki kwenye orodha ya wanaosubiri. Mpaka leo anasubiri, na mama yake ananisalimia kwa ufupi. Siwezi kuwaambia kwamba njia nyofu ilimpa kazi. Haijampa.

CHETI

Sasa nifike pale nilipoahidi.

Mwaka 1991 alikuja katika shule niliyokuwa nikifundisha mwalimu kijana wa hisabati. Shule sitaitaja. Katika miaka yangu yote sikumwona mwalimu wa hisabati aliyemshinda. Watoto walikuwa wakimfuata mpaka nyumbani kwake na madaftari. Mwaka 1996 alifiwa na baba yake, nasi walimu watatu tukaenda kumzika mzee kijijini. Wakati wa kusoma risala ya marehemu, msomaji akawataja watoto, na kila aliyetajwa alisimama. Likaitwa jina la mwenzetu, lile tulilomwita kila siku katika ofisi ya walimu. Akasimama mtu mwingine. Kisha likaitwa jina tusilolijua, na mwenzetu akasimama, macho chini.

Nilielewa pale pale. Kaka yake ndiye aliyemaliza kidato cha nne. Yeye aliishia njiani kwa kukosa ada, akachukua cheti cha kaka, akaenda chuo cha ualimu kwa jina hilo, akaajiriwa mwaka 1988. Kaka naye alikuwa karani wa Serikali mkoa mwingine, kwa cheti hicho hicho.

Nilinyamaza. Nilijiambia kwamba anafundisha vizuri, kwamba ana watoto, kwamba nikisema nitaua nyumba nzima. Na nani aliumia? Sikumjua yule aliyekosa nafasi ya chuo mwaka ule, na kwa kuwa sikumjua nilidhani hayupo. Baadaye nilipokuwa msaidizi wa mwalimu mkuu zilikuja fomu za OPRAS za kupima utendaji, zilizoanza mwaka 2004, nami kila mwaka niliandika kwa mkono wangu jina nililojua si lake.

Uhakiki wa vyeti ulianza mwaka 2016. Tarehe 28 Aprili 2017, huko Dodoma, Rais Magufuli alipokea taarifa: watumishi 9,932 walikuwa na vyeti vya kughushi. Tena vyeti 1,538 vilikutwa vinatumiwa na watumishi 3,076, yaani watu wawili cheti kimoja. Wenye vyeti vya kughushi walipewa mpaka tarehe 15 Mei waondoke wenyewe. Watu waliuliza, na waliuliza kwa haki, kwa nini wakubwa wa kisiasa hawakuhakikiwa. Jibu lilikuwa kwamba sharti lao ni kujua kusoma na kuandika. Nilikuwa miongoni mwa waliosema inafaa walioghushi waondoke. Nilisema hivyo kibarazani, mbele ya watu, kabla sijakumbuka.

Jioni moja ya Mei hiyo mwenzangu alikuja kwangu na baiskeli. Hakuketi.

“Shikamoo, Mwalimu.”

“Marahaba.”

“Ulijua tangu lini?”

“Tangu msiba wa Mzee.”

“Mbona hukuniambia?”

“Ningekuambia nini, ndugu yangu?”

“Ungeniambia nikasome. Nilikuwa na miaka thelathini na minne. Ningefanya mtihani kwa jina langu, kama mtahiniwa wa kujitegemea, nikaanza upya. Mimi nilidhani hakuna ajuaye. Kumbe ulijua, ukaniangalia.”

Sikuwa na jibu. Alikuwa na miaka mitano tu kufikia sitini. Mimi nilistaafu mwaka huo huo, nikapokea kiinua mgongo changu. Yeye aliondoka na baiskeli. Kaka yake, mwenye cheti, mshahara ulisimama miezi kadhaa mpaka alipothibitisha kwamba yeye ndiye yeye, na ndugu hao wawili hawasemezani mpaka sasa. Mwaka 2022 Serikali iliamua kwamba waliotolewa kwa vyeti warudishiwe michango waliyokatwa kwenye mishahara yao ya miaka yote. Alirudishiwa. Alinunua mizinga ya nyuki na bati za nyumba.

Nimefikiri sana habari hii. Kosa lake ni kosa, naye hakatai. Alichukua kiti cha mtu na kuapa kwa jina la mtu. Lakini mimi niliyekuwa na cheti changu halali nilifanya nini? Niliita kunyamaza kwangu huruma. Huruma ingekuwa kumwita pembeni wiki ile ya msiba tuliporudi, nikamwambia ninalolijua, nikamsaidia kutafuta vitabu na namna ya kwenda mwenyewe kwa mwajiri, hata kama angefukuzwa, maana kufukuzwa ukiwa na miaka thelathini na minne si sawa na kufukuzwa ukiwa na hamsini na mitano. Nilichokuwa nacho ni uvivu, na kupenda amani ya ofisi ya walimu, na kusema kweli nilifurahia matokeo mazuri ya hisabati ambayo yaliifanya shule yetu isifiwe.

Katika 1 Samweli sura ya 12 mnamwona Samweli, mzee, anaaga kazi yake. Anasimama mbele ya watu wote na kuwauliza kama kuna aliyemdhulumu au kupokea kitu kutoka mkononi mwake. Nilipoagwa shuleni, nikapewa kanga za mke wangu na saa ya ukutani, mgeni rasmi aliisoma sura hiyo kwa heshima yangu. Nilitazama sakafu kama alivyofanya mwenzangu kule msibani.

Kabla ya kuandika somo hili nilimfuata kwenye mizinga yake kumwomba ruhusa. Alicheka kidogo, akasema, “Andika, Mwalimu. Ila jina usiweke. Lenyewe si langu.”

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA VIKUNDI

1. Someni 1 Samweli 12, mistari mitano ya kwanza. Nani katika kikundi chenu amewahi kukabidhi ofisi, stoo au mfuko wa fedha? Aeleze alivyofanya, na kama orodha iliandikwa mbele ya watu.

2. Mtumishi anapocheleweshewa haki yake, ana ruhusa gani ya kutua mzigo, na ni mzigo upi asioweza kuutua? Wauguzi na walimu waanze kusema.

3. Parokia yetu nayo huajiri: mlinzi, karani, mwalimu wa chekechea. Mara ya mwisho nafasi ilitangazwa wapi, na nani aliijua kabla ya kutangazwa?

4. Mnajua jambo juu ya mwenzenu kazini ambalo siku moja litamwangusha. Ni lini kumwambia yeye kunatosha, na ni lini hakutoshi? Mimi swali hili sijalimaliza. Kikundi kitakachopata jibu kiniandikie kwa mkono wa katekista.